Mkate Nilioufukia Kwenye Mbolea

Juzi mwanafunzi aliyepanga chumba cha pili kutoka kwangu, hapa Kabianga, alisahau unga wake wa mkate mezani akaenda darasani. Nilipopita mlangoni kwake harufu ikanikamata, nikasimama. Unga wa ngano uliolala na hamira mpaka ukapitiliza saa zake una harufu yake: uchachu, joto, na utamu fulani unaobaki nyuma ya koo. Watu wengine wakiisikia wanaona njaa. Mimi miguu yangu ilitaka kuingia chumbani mwa mtu, kubeba beseni lake na kwenda kulimwaga mahali pasipoonekana. Nimefika umri wa kuvaa miwani ya kusomea, na bado miguu haijaambiwa kwamba yale mambo yalikwisha.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kwetu kulikuwa kwenye mteremko, majani chai upande wa juu, mahindi upande wa chini, na katikati ng'ombe wawili, nyumba yetu, jiko lililojengwa peke yake, na nyumba ndogo ya kogo, ambaye ni nyanya yangu, mama yake baba. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika jiko la nyumba ya wageni ya shamba moja kubwa la chai. Huko alivaa aproni nyeupe akaoka mikate ya wageni, na hakuna mtu aliyemcheka, kwa sababu ile ilikuwa kazi na mwisho wa mwezi ulikuwepo. Kisha pombe ikamrudisha nyumbani. Sitaki kuyapamba. Alikunywa mpaka mbwa wetu wakaacha kuamka kumlaki.

Busaa, ile pombe ya unga uliochachuliwa, niliijua kwa pua kabla sijaijua kwa macho. Mama alinituma mara nyingi kumwita baba kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza nyuma ya soko, na kwa kuwa mtoto haruhusiwi kuingia, nilisimama mlangoni nikiivuta ile harufu hadi mtu amwambie baba kwamba msichana wake yuko nje. Siku nyingine alitoka. Siku nyingine alinitumia peremende kwa mkono wa mlevi mwenzake, nami nikarudi nyumbani nikiimumunya kwa aibu, maana ilikuwa tamu na nilijua haikufaa kuwa tamu.

Halafu akaacha. Pasta na wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakaomba, baba akalia mbele za watu. Walipoondoka, mimi nikikusanya vikombe, mama alimgeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba apishwe njia.

"Baba Chebet, hayo maombi nimeskia yote. Sasa skia yangu. Siku nitaskia hiyo harufu kwa hii boma, sitauliza swali. Nitachukua watoto nirudi kwetu Chebunyo."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mama hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, na hakuwahi kututishia kitu ambacho hakukifanya. Nililala siku hiyo nikijua kwamba nyumba yetu nzima sasa imening'inia kwenye pua ya mama yangu.

Miezi ikapita vizuri. Baba alikamua ng'ombe, akalima, akaenda kanisani akiwa amenyoa. Shule zilipofungwa, mjomba alitoka Chebunyo kututembelea akatuletea gunia la ngano aliyolima mwenyewe. Sisi hatukuwa watu wa ngano. Mama alisema tutaichemsha na maharagwe, na itakayobaki wale kuku. Baba akasema, "Hapana, wacha nipeleke kwa posho." Akabeba debe moja begani hadi kinuni, akarudi na unga wa rangi ya udongo, wenye makapi yake yote, na ndani yake vidoadoa vyekundu vya wimbi, yaani ulezi, wa mtu aliyesaga kabla yake. Kogo aliutia kiganjani akauliza kama ni chakula cha ndama. Baba akacheka tu, akauweka nyuma ya mlango.

Baada ya hapo ndipo baba alipoanza kufanya mambo ya siri.

Asubuhi mama alipochukua kikapu na kwenda kuchuma majani, baba aliniambia nimpeleke mdogo wangu Kiprono akacheze mbali, kule chini kwenye mahindi. Tulipogeuka, aliingia jikoni akafunga mlango. Hapa inabidi nieleze kitu kwa wale ambao si wa kwetu. Mwanamume aliyetahiriwa hakai kwenye meko ya mkewe. Akihitaji moto wa kuwashia kitu, anaita mtoto amletee. Sasa huyu, baba wa watoto wawili, alikuwa amejifungia jikoni na moshi unatoka chini ya paa. Alipotoka alikuwa na jasho, amejikung'uta suruali, na mfukoni mwa koti lake niliona ncha ya kijipaketi kidogo akikisukuma ndani kwa kidole. Aliponiona akaanza kupiga mluzi. Baba yangu hakuwa mtu wa kupiga mluzi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi mawingu ya baba nilikuwa nimeyasoma tangu nijue kutembea, na hayakuwa tofauti: mlango uliofungwa, kitu mfukoni, furaha isiyo na sababu. Alipoenda kuwanywesha ng'ombe nikaingia jikoni. Kwenye kona yenye joto, juu ya kuni, kulikuwa na beseni limefunikwa shuka ya Kiprono ya utotoni. Nikafunua. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo kilichovimba, kimejaa matundu, na kilikuwa kikipumua. Nakwambia kilikuwa kikipumua. Tundu moja likapasuka polepole mbele ya macho yangu, na harufu iliyotoka ikawa ile ile ya mlangoni nyuma ya soko.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sikujua chochote kuhusu mkate. Mkate kwetu ulitoka dukani ndani ya karatasi, mweupe, umekatwa tayari, siku ya Krismasi au mgonjwa akirudi kutoka hospitali. Nilichojua ni kwamba baba sasa anajipikia busaa mwenyewe, nzito, ya kuficha, na mama atarudi saa nane mchana na pua yake. Sikumkasirikia baba, na hilo linanishangaza hadi leo. Niliogopa tu. Niliona mama akiwa na begi, Kiprono mgongoni, na mimi katikati ya barabara nikitakiwa kuchagua upande.

Nikalichota lile donge kwa mikono miwili. Liling'ang'ania vidole, likanivutavuta mpaka viwikoni. Kwenye choo lingeonekana. Kwenye majani chai mama angelikanyaga. Nikalipeleka nyuma ya boma la ng'ombe, kwenye rundo la mbolea, nikachimba kwa kijiti, nikalifukia, nikarudisha mbolea juu na kuipigapiga. Beseni nikaliosha, shuka nikaikunja vizuri.

Baba aliporudi akaingia jikoni na kutoka. Akatazama huku na huku. Hakuniuliza kitu, maana mtu aliyejificha anauliza vipi? Akaenda akakaa juu ya jiwe la kunolea panga, akakaa sana. Siku ya pili akafunga mlango tena, akakanda tena. Nami nikafukia tena. Alinieleza miaka mingi baadaye kwamba alidhani ni kogo aliyekuwa akimwaga, akimwonya bila maneno kwamba anajiaibisha, na kwamba siku ile ya pili alikuwa karibu kutupa hamira yote chooni na kwenda kutafuta wenzake wa zamani. Alifika hadi barabarani akasimama. Sijui ni nini kilimrudisha, na yeye pia alisema hajui. Mimi nikiwa chini kwenye mahindi na Kiprono nilikuwa nikiomba Mungu amfanye baba aache kabla mbolea haijajaa.

Siku ya tatu lori la kubeba majani lilikwama kwenye matope, kituo cha majani kikafungwa mapema, na mama akarudi kabla ya saa sita. Baba alikuwa ameenda dukani. Mimi nilikuwa nimetoka kufukia donge la tatu, sina muda hata wa kunawa. Mama akaweka kikapu chini, akasema kwa vile siku imeharibika ataweka mbolea kwenye sukuma wiki, akachukua jembe. Nikamwambia nitaileta mimi. Akanitazama mikono, akapita.

Ninyi mliowahi kukaa na ng'ombe mnajua jinsi rundo la mbolea linavyokuwa na joto ndani. Mimi nilikuwa nalijua kwa miguu, kwani asubuhi za baridi tulisimama juu yake kabla ya kwenda shule. Lakini sikujua hamira inapenda nini. Yale madonge yalikuwa yameumuka humo ndani. Rundo lilikuwa limepasuka juu, na katikati ya ufa lilichomoza tumbo la rangi ya udongo, linang'aa, na kuku wetu watano wamelizunguka wakidonoa. Mama akawafukuza. Akainama, akachukua kipande, akakipeleka puani.

"Hii ni nini?"

Nikaficha mikono nyuma.

"Chebet. Nani ameweka hii kitu hapa?"

"Ni mimi."

"Umetoa wapi?"

Nikatazama kuku. Mama hakuuliza tena. Alisimika jembe kwenye mbolea, akaingia nyumbani, na nikasikia begi likivutwa kutoka chini ya kitanda. Alianza na nguo za Kiprono, akizikunja moja moja bila haraka. Hilo la kutokuwa na haraka ndilo lililonitoa machozi.

Baba alimkuta kwenye kilango, begi mkononi. Mama akamfungulia kiganja kilichokuwa na lile donge, lenye samadi na kila kitu. Baba akalitazama, kisha akanitazama mimi na mikono yangu, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitarajia. Ulifunguka.

"Kumbe ni wewe," akaniambia.

"Nilikuambia sitauliza swali," mama akasema.

"Usiulize. Hiyo ni mkate."

"Mkate."

"Nilikuwa napika mkate. Ile nilikuwa napikia wageni. Nilitaka itoke mzuri kwanza ndio nikuonyeshe. Nilifikiria tunaweza kuuza hapo kwa kituo, watu wakingoja lori."

"Mwanaume gani anajifungia kwa jiko yangu anapika mkate?"

"Si ndio maana nilifunga."

Mama hakucheka. "Nimekaa na wewe miaka kumi," akasema. "Uongo yako yote naijua. Hii tu ndio sijawahi skia."

"Nipe mpaka jioni," baba akasema. "Keti hapa. Uangalie na macho yako. Kama si mkate, mimi mwenyewe nitakubebea hiyo begi mpaka kwa barabara."

Mficha uchi hazai, wanasema, na baba siku ile alijifunua kweli. Mama alikaa kwenye kigoda chake, begi kati ya miguu. Baba akafungua mlango wa jiko hadi mwisho akauegemezea jiwe, mchana kweupe, mtu yeyote anayepita njiani aone. Akakunja mikono ya shati. Kisha akaniita.

"Wewe uliyefukia tatu, utanisaidia kupika ya nne. Nawa."

Alinifundisha kupima maji kwa kidole, yawe kama ya kumchanganyia ndama maziwa. Yakiwa moto yanaua hamira, yakiwa baridi inalala. Alimimina ule unga wa makapi, akatia chumvi kwa kukisia, kidogo cha sukari, na kijiko cha samli. Nilipotaka kuanza kukanda akanizuia.

"Wacha kwanza. Hii unga haijachekechwa, inakunywa polepole. Ukikimbia nayo, mkate inakuwa jiwe."

Tukakaa tukiutazama unga ukinywa maji, watu watatu, na Kiprono amelala. Kisha tukakanda. Baba alikandamiza kwa kisigino cha kiganja, akakunja, akageuza, na mikono yake, ambayo nilikuwa nimezoea kuiona ikitetemeka juu ya kikombe, haikutetemeka. Niliona pia kwamba mama anaitazama hiyo mikono.

Tulipoufunika ukaumuke ndipo shida yenyewe ilipoanza. Harufu ilikuja taratibu, ikajaza jiko. Nikaanza kutazama pua ya mama. Akainuka, akafunua shuka, akainama juu ya beseni kwa muda mrefu.

"Ni hiyo," akasema.

"Ni hiyo," baba akakubali. "Chachu ni chachu. Lakini hii yangu inamalizikia kwa moto."

Mama akafunika, akarudi kuketi. Wakati huo huo kogo akatokea mlangoni na kigae chake, amekuja kuchukua makaa. Alimkuta mwanawe wa kwanza amechutama mbele ya meko ya mkewe, unga mpaka viwikoni.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Napika mkate."

Kogo alimtazama mama, akalitazama begi, akarudi kwa baba. Aligeuka akaenda bila kuchukua makaa. Baba alibaki ameinama. Nilidhani ataondoka, na nadhani mama pia alidhani hivyo, maana aliweka mkono kwenye mpini wa begi. Lakini baba alinong'ona tu, "Chebet, leta sufuria," nami nikaleta.

Tulipaka sufuria samli, tukaweka donge, tukafunika kwa bati, makaa machache chini na mengi juu. Baba alinionyesha jinsi ya kuyapunguza na kuyaongeza, na akanipa kazi ya kusikiliza. Mkate ukikaribia kuiva unaacha kutoa mvuke wa kuunguruma. Nilitega sikio pale mpaka nywele zangu zikanukia moshi. Alipoutoa, aliupindua juu ya gunia safi, akaugonga tumboni kwa kidole, ukatoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Upande wa chini ulikuwa umeungua. Juu ulikuwa na ufa, na hapa na pale vile vidoadoa vyekundu vya wimbi wa jirani. Ulikuwa mzito na haukuinuka sana. Sijaona tena mkate wenye sura mbaya hivyo niliyoipenda hivyo.

Sitadanganya kwamba baba hakuanguka tena. Alianguka mara moja, nikiwa sekondari, wiki mbili, akaamka mwenyewe. Lakini mikate aliendelea kuoka, watu waliokuwa wakisubiri lori la majani wakaizoea, na karo yangu nyingi ilipitia kwenye ile sufuria. Hayo yalikuja baadaye. Jioni ile kulikuwa na mkate mmoja tu, na mama alikuwa bado hajausogelea.

Alisubiri upoe. Akaumega, akaunusa kwanza ndani, palipokuwa peupe kidogo. Akaunusa tena. Kisha akala, akatafuna muda mrefu, kwa maana mkate wa ngano nzima haumezwi hivi hivi. Hakusema kama ni mtamu. Alifungua begi, akatoa kitambaa safi alichokuwa amekipakia, akafungia nusu ya mkate, akanipa.

"Peleka kwa kogo. Akiuliza ni nani amepika, usiseme ni mimi."

Nilipanda ule mteremko mfupi nikiona umekuwa mrefu. Kogo alikuwa ameketi na chai yake, moto wake umewashwa kwa makaa ya jirani. Alipokea kitambaa, akakifungua, akaugeuza mkate akautazama pale ulipoungua.

"Mama yako alijua kupika mkate lini?"

Nilijua baba anangoja kule chini. "Ni baba amepika," nikasema.

Kogo alimega kipande, akakichovya kwenye chai mpaka kikalainika, akakipeleka upande uliobakiwa na meno. Akala polepole, akiwa ametazama moto. Akamega kingine. Nikasimama pale nikikunja na kukunjua upindo wa sketi yangu, sijui kama niondoke au nikae.

"Mwambie chumvi ni mingi," akasema mwishowe. "Kesho apunguze."

Nilitoka mbio bila kuaga. Baba na mama walikuwa bado jikoni, mmoja huku, mmoja kule. Nikawaambia kwa pumzi moja, "Kogo amesema kesho upunguze chumvi." Baba alijishusha akakaa kwenye kigoda cha mama, akafunika uso kwa ile mikono yenye unga, na mama akamimina chai vikombe viwili.